Kipande cha Nta Mkononi

Jirani yangu hapa Ipuli huyeyusha nta uani kwake msimu wa asali unapokwisha. Anaichemsha na maji kwenye sufuria kuukuu, anaichuja kwa gunia, na harufu inaruka ukuta bila kubisha hodi. Leo imenikuta nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimetoka kazini, ndala nimezivua lakini sina nguvu hata ya kuzisogeza pembeni. Ni harufu ya utamu ulioungua kidogo, pamoja na moshi na magome ya miti. Wapo wanaoipenda. Mimi hunichosha kabla sijainuka.

Baba alikuwa mrina asali. Nyumba na shamba letu vilikuwa Itetemia, lakini miezi mingi ya mwaka alikuwa msituni upande wa Usinge, kambini, pamoja na mdogo wake. Wanawake hawakwenda kambini. Hiyo ilikuwa sheria ya kwetu, wala hakuna aliyewahi kunieleza sababu yake. Msitu niliujua kwa vile vilivyotoka humo tu: moshi kwenye nguo za baba, na ndoo za asali zilizochongwa ubavuni alama yake. Ilikuwa mistari miwili iliyosimama na mmoja mfupi uliolala juu yake, mfano wa mlango usio na nyumba. Ndoo yenye mlango ilikuwa na asali. Ndivyo nilivyojua tangu sijaanza shule.

Tulikuwa wanne. Mimi wa kwanza, halafu pacha wa kike, Kulwa na Doto, halafu Shija. Shija ni jina la anayezaliwa baada ya pacha, kwetu halichaguliwi. Mama alifariki Shija akitambaa. Mtoto akatambaa, akatembea, akakimbia, lakini neno halikuja. Bibi mmoja wa mtaani alisema ana udata, akatwe uzi wa chini ya ulimi. Mwingine alisema apelekwe kwenye maombi. Baba aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akambeba mabegani akaenda naye kambini. Alisema msituni watu hawaongei sana.

Kisha baba alirudi na Shija, akikohoa, akapelekwa hospitali, na hakurudi nyumbani. Siku ya mazishi Shija aliachwa kwa jirani yetu, Mama Zuhura, akafungiwa ndani na sahani ya matobolwa, vile viazi vya kukausha alivyovipenda. Watu wazima walisema hataelewa kitu. Nami nilikubali. Siku ile nilikuwa nakubali kila nililoambiwa.

Nilikuwa darasa la sita, umri wangu miaka kumi na mitatu. Wa rika langu watakumbuka jinsi tulivyokwenda shule na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine. Mimi nilibakiwa na fagio na kidumu, shule ikaondoka. Sikuiacha kwa siku moja. Ilianza na Jumatatu ya kufua, ikafuata Alhamisi ya kisimani, ikafuata wiki nzima ya palizi, mpaka mwalimu wa darasa akaacha kuita jina langu.

Shija alikuwa na miaka saba. Mwaka ule wote alichora ule mlango kila mahali. Kwa mkaa ukutani, kwa kidole kwenye unga, kwa kijiti uani nilipokuwa nimetoka tu kufagia.

"Dada, Shija kaniharibia daftari tena," Kulwa alilalamika siku moja.

"Funika daftari lako."

"Nilifunika. Kachora kwenye kifuniko."

"Mpe la Doto."

"La Doto alishamaliza," Doto akasema kutoka nje, bila hasira, kama anayesoma matangazo.

Mimi nilijua anataka nini. Kwenye ndoo ya mwisho ya baba kulikuwa na asali kidogo imeganda chini. Nilimchotea kwa kidole nikamwekea mdomoni. Aliitema. Nikamchotea tena, akaning'ata. Nilidhani imeharibika, nikaionja mwenyewe. Ilikuwa tamu mpaka machozi yakanitoka.

Katika shule waliyosoma pacha palikuwa na darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na mwalimu wake alikuwa Mwalimu Perpetua, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Nilimpeleka Shija kwake siku chache kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka, nimemwogesha na kumpaka mafuta hadi akang'aa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Anaitwa nani?"

"Shija."

"Nimemuuliza yeye."

"Haongei, mwalimu."

"Nimeona. Lakini nimemuuliza yeye." Akachuchumaa mbele yake, akanyoosha mkono, akangoja. Sijawahi kuona mtu mzima akingoja namna ile. Shija alimtazama muda mrefu, akachukua chaki mfukoni mwa mwalimu, akainama na kuchora sakafuni ule mlango usio na nyumba.

"Hii ni nini?" mwalimu akamuuliza.

"Asali," nilijibu mimi, haraka, nikitaka aonekane ana akili. "Anapenda asali."

Mwalimu akaitazama ile alama, akanitazama mimi, asiseme kitu. Kisha akanieleza alichotaka. Darasa lilikuwa limejaa naye alikuwa na mikono miwili tu. Hakutaka Shija ajue kusoma wala kuhesabu. Alitaka ajue kumwambia mtu mambo matatu: nina kiu, nataka choo, naumia. Shule ikifunguliwa nimlete. Akiweza hayo matatu nafasi ni yake, asipoweza atangoja mwaka mwingine.

"Atasemaje, mwalimu?"

"Kwa vitu. Kabla ya kumpa maji, mpe mkononi kifuniko cha kidumu, halafu maji. Kitu, halafu jambo lenyewe. Kitu, jambo. Usimkaripie, usimhimize. Hata mara mia."

Nikamwahidi. Nilikuwa hata sijui mara mia ni nyingi kiasi gani.

Alipokuwa akitusindikiza getini akaongeza neno moja: "Na akikuletea kitu yeye mwenyewe, hicho ndicho kikubwa. Kifuate."

Mwaka mwingine sikuwa nao. Baba mdogo, yule mdogo wake baba wa kule Usinge, alikuwa ametuma salamu kwa msafiri wa treni. Akimaliza tumbaku yake angekuja kumchukua Shija akakae kwenye dungu, kile kichanja cha shambani, awafukuze ngedere wasile mahindi. Ujumbe ulisema hivi: ngedere hawahitaji kuambiwa kitu, wanahitaji kuona mtu. Msafiri alipofika hapo alicheka, nadhani hata baba mdogo alicheka wakati anamtuma. Mimi niliona tu mtoto peke yake juu ya miti, jua kutwa, na hakuna wa kumwuliza kama ana kiu. Nilimjibu kwamba Shija anaanza shule. Msafiri akaniuliza, "Shule ya nini, binti?" Nikarudia lile lile.

Nilitundika kamba ya katani kando ya mlango, nikafunga kifuniko cha kidumu kwa ajili ya maji, kipande cha ndala kwa ajili ya choo, na kitambaa cheupe nilichochana kwenye shuka kwa ajili ya maumivu. Kila asubuhi kabla pacha hawajaamka nilianza. Kifuniko, maji. Kifuniko, maji. Ndala, nikamshika mkono mpaka chooni, tukasimama, tukarudi. Nilikuwa napika huku nimeshika kifuniko. Nilikuwa nafua huku nasikiliza kama atagusa kamba. Jioni nilikuwa nimekauka koo, maana Mwalimu alisema nitaje pia kwa sauti, na kutaja neno moja kutwa nzima kwa mtu asiyekujibu kunachosha kuliko kulima.

Wiki ya pili alichukua kifuniko mwenyewe akanipa. Nilimpa maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. Pacha walipiga vigelegele. Ndala ilichukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi aliileta tukiwa tumeshachelewa. Kitambaa cheupe ndicho kilichonishinda. Maji yako mtungini na choo kiko nyuma ya nyumba, lakini maumivu huwezi kuyatoa mahali ukamwonyesha mtoto.

"Tumpige kidogo, Dada," Doto alishauri. "Akilia tu, unampa kitambaa."

"Tuanze na wewe," Kulwa akamwambia. "Tuone kama kinafanya kazi."

Tulicheka sote watatu, halafu mimi nikaona aibu. Tukabaki tunangoja aumie. Alipochomwa na mwiba nilikimbia na kitambaa kama mtu anayekimbilia treni, nikamwekea mkononi. Alikiangusha akang'oa mwiba mwenyewe.

Badala yake alileta nta. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba alichokibandua kwenye mfuniko wa ndoo ya baba. Juu yake alichora ule mlango kwa ukucha, akakifunga kwenye kamba yangu bila kufundishwa na mtu, kikawa cha nne. Tangu siku hiyo alikuja nacho mara tano, mara kumi kwa siku. Alikiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kisha akanivuta kuelekea barabarani, upande wa machweo.

Akikuletea kitu, kifuate. Basi nilikifuata. Nilikwenda kwa Mama Zuhura nikaomba kijiko cha asali. Akanipa, akasema, "Mtoto wa mrina asali anaomba asali. Dunia hii." Shija alikimwaga kijiko chini. Kesho yake akaleta nta tena. Nikamtafutia sega, akalitupa. Nilianza kuiogopa ile nta. Nilikuwa namwona anakuja nayo, nami najifanya nachochea moto.

Siku moja nilikuwa na homa, maji yamekwisha, pacha wamegombana, naye akaja akanikunja vidole. Nilimzaba kofi. Hakulia. Aliokota nta ilipoangukia, akaifuta vumbi kwenye shati lake, akanirudishia mkononi, akavikunja vidole vyangu tena, polepole zaidi, kama mtu anayemrudilia mjinga somo.

Baba mdogo alifika zikiwa zimebaki siku nne shule ifunguliwe. Alitokea stesheni kwa mguu, ndoo ya asali begani, kofia mkononi. Alikuwa na sura ya baba, ila yeye mfupi kidogo. Pacha walipiga magoti kumwamkia, mimi pia.

"Mwangaluka, mayo," alinisalimu, akipiga makofi mawili ya taratibu. Mayo ni mama. Ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaheshimu mabinti zao. "Umekonda."

"Mwangaluka, baba. Tupo."

Nilimletea maji na kigoda. Hakuwa mtu mbaya. Alisema Kulwa na Doto wakae na mimi, waendelee kusoma. Alisema hata mimi ningeweza kurudi darasani mzigo ukipungua, na aliposema mzigo hakumtazama Shija, kwa adabu.

"Baba, anaanza shule Jumatatu."

"Anajua kusema sasa?"

"Anajua maji. Choo anajua kidogo."

"Mbuzi wangu nao wanajua maji, mayo." Alisema kwa upole kabisa. Nikasema, "Simtoi, baba." Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikarudia, "Simtoi." Akashusha pumzi, akajibu kwamba treni ya kurudi ni kesho na tutazungumza tukishakula.

Shija alikuwa ameisogelea ndoo. Ubavuni palikuwa na alama ya baba, lakini chini yake palikuwa na mkato mwingine mpya uliolala. Shija alipitisha kidole juu ya ule mlango, akafika kwenye mkato mpya, akasimama. Akaanza kuusugua. Alitia mate akasugua, akachukua mchanga akasugua, mpaka kidole kikachubuka.

"Huo ni wangu," baba mdogo akasema taratibu, akimtazama. "Mizinga ya kaka nikiitunza mimi, naongeza mkato. Ndivyo tunavyofanya." Sikujua alikuwa anamweleza nani kati yetu.

Shija akaacha ndoo. Akaenda kwenye kamba, akafungua nta, akaja akaiweka kwenye kiganja cha baba mdogo, akavikunja vile vidole vikubwa kimoja kimoja, na kuanza kumvuta kuelekea barabarani.

"Anataka asali, baba," nilisema, nikiona aibu. "Mwaka mzima ni hivyo. Ukimpa anaitupa."

Baba mdogo alifungua kiganja, akaisogeza nta karibu na macho, akauona mlango uliochorwa kwa ukucha. Doto akaja kuchungulia.

"Nani alikwambia hii ni asali?"

"Ndoo zote zenye asali zina alama hiyo."

"Kwa sababu zote zilikuwa za baba yako." Akanigeukia. "Mayo, msituni hakuna alama ya asali. Asali ya nini uiandike, si nyuki wanaonekana? Ukiukuta mzinga juu ya mti unasoma ni wa nani. Unamtaja, unapita. Huyu Shija, kaka alimzungusha kambi nzima, anamwonyesha alama kwa kidole, halafu anajigusa kifua. Kila mzinga. Anaonyesha, anajigusa kifua. Sisi tulikuwa tunamcheka." Akainamisha kichwa juu ya ile nta. "Hili ni jina, mayo. Anamuulizia baba yake."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nakumbuka ugali ulianza kuungua, nasi sote tukausikia ukiungua, hakuna aliyekwenda. Mwaka mzima Shija alikuwa ameniuliza swali moja, kwa mkaa, kwa kijiti, kwa nta, na mimi nilikuwa nampa kijiko.

Tulikula ugali ule ulioungua. Jua lilipopungua ukali baba mdogo akasema twende wote. Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba, lina msalaba wa mbao ulioandikwa jina ambalo Shija hakuweza kulisoma. Sikujua nifanye nini, nikafanya nilichofundishwa. Kitu, halafu jambo. Niliweka nta kwenye kiganja chake, nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja, nikakichukua kiganja na kukilaza juu ya udongo. Nikasema, "Baba." Alikitoa. Nikakirudisha, "Baba." Akanitazama, akautazama udongo, akatazama machweo, upande wa msitu, muda mrefu. Baba mdogo akatoa kisu, akachonga ule mlango kwenye mbao ya msalaba, chini ya jina. Hakuongeza mkato wake.

Shija alipitisha kidole juu yake. Mara moja, mara mbili. Kisha akalala kifudifudi juu ya kaburi, shavu kwenye udongo, tukamwacha.

Asubuhi baba mdogo alivaa kofia yake. "Nilifuata mlinzi wa ngedere," alisema. "Nimemkuta mwenye mizinga." Akaondoka kuelekea stesheni peke yake.

Jumatatu nilimpeleka Shija shuleni na kamba yangu. Alimpa Mwalimu Perpetua kifuniko, akapewa maji. Ndala hakuigusa, akajikojolea pale pale mlangoni. Nilipiga magoti kufuta sakafu, nikasema mapema kabla sijaulizwa, "Na kuumia hajui, mwalimu. Nilijaribu. Nisamehe." Halafu kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikamsimulia habari ya nta, yote, hata kofi.

Mwalimu alichukua tambara kutoka mkononi mwangu akamalizia yeye. Kisha akasema, "Hicho cha tatu, binti, amekuwa akikwambia mwaka mzima." Akafungua daftari la mahudhurio, akaandika jina lake.

Sikurudi darasani kama mwanafunzi. Mwaka uliofuata nilichukuliwa kusaidia kuwaogesha na kuwalisha watoto wa darasa lile, na mpaka leo kazi yangu ni hiyo. Nimefunga kamba nyingi. Sasa kuna vitabu vya picha, na wapo wanaogusa simu kwa kidole ikawasemea. Wazazi wapya hunipa majibu kabla watoto wao hawajaulizwa, nami huwatazama nisiseme kitu.

Sipendi kusema kwamba kaburi lilimaliza jambo. Kesho yake Shija aliniletea nta, nikampeleka. Keshokutwa pia. Kuna majuma tulikwenda kila siku, katika mvua na katika jua, na jibu lilikuwa lile lile. Kulwa na Doto waliolewa, tukahamia huku Ipuli, naye sasa ni mwanamume mwenye ndevu anayefagia uwanja wa shule yetu vizuri kuliko mtu yeyote. Siku hizi hupita hata miezi miwili bila kuniletea.

Lakini jirani anayeyusha nta, na harufu imemfikia hata yeye. Nimemwona akiacha fagio. Ameingia ndani, ametoka, amekuja na kusimama mbele ya ndoo hii niliyokalia, amefungua kiganja changu na kuweka kile kipande, cheusi sasa kwa kushikwashikwa. Amevikunja vidole vyangu, kimoja kimoja. Kutoka hapa mpaka kaburini Itetemia ni mwendo mrefu, na magoti yangu hayapendi kupanda wala kushuka.

Nimeinama, nimevaa ndala zangu.